Hewa Safi ya Mizeituni

27 Machi

Daktari wa zahanati ya mtaa ameniambia niandike kila siku: kifua kilivyo, upepo ulivyo, nilikuwa wapi. Nadhani alitaka tu nimwondokee mlangoni, maana foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa bado nauliza maswali. Hakujua anamwambia nani. Nilikuwa karani wa mahakama hapa mjini Sfax miaka thelathini na mbili. Nimeandika maneno ya wezi, ya wauaji na ya mashahidi wa uongo bila kuruka hata koma. Kama ni kuandika, tutaandika.

Basi iandikwe kwamba mimi, Mongi, nina miaka sabini na moja na sijawahi kuvuta sigara. Kifua kilianza kunibana mwaka jana majira kama haya, kikaacha wakati wa joto, sasa kimerudi. Dirisha langu linatazama bomba la kiwanda cha matofali ambacho kinachoma sijui matairi, sijui nini. Mke wangu Essia alikohoa miaka minne, na mwaka juzi mwezi wa Mei akafa. Cheti kimeandikwa moyo. Moyo, eti. Mimi najua aliyemuua, na yuko pale anatoa moshi mpaka leo.

Leo nimepiga chafya kumi na moja mfululizo. Macho yanawasha. Upepo unatoka bara. Usiku nimemeza kidonge cha njano cha mafua, vile alivyokuwa akimeza Essia. Mwenye duka la dawa ananipa bila kuuliza.

29 Machi

Barua ya saba kwa baraza la mji. Mlinzi ameipokea kwa ncha za vidole kama aliyepewa samaki aliyeoza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Chetu sisi kina bomba la moshi na kibali chenye muhuri.

31 Machi

Kikohozi. Kidonge. Kuskusi ya mkwe wangu ilizidi chumvi na hakuna aliyethubutu kusema.

6 Aprili

Ridha, mwanangu, kanipeleka hospitali kubwa. Tumekaa saa tatu kwenye benchi la chuma. Daktari ni kijana, simu haimtoki mkononi. Kanidondoshea matone kwenye mkono, akayachoma moja moja kwa kisindano, akasema tusubiri robo saa. Tone la mwisho, akasema, ni la kupima kipimo chenyewe. Hilo lazima livimbe kwa kila mtu.

Robo saa ikapita. Mkono mweupe. Hakuna kilichovimba.

"Hajji, ngozi yako safi. Huna aleji."

"Na hili la mwisho? Umesema lazima livimbe."

Akaangalia, akainua mabega. "Ngozi ya wazee imelala, hajji. Aleji ni mambo ya watoto na vijana. Wewe hiki ni kifua cha umri."

Ridha akacheka kidogo. Alicheka kwa kufarijika, najua, lakini alicheka. "Si nilikuambia, Baba? Uzee tu."

Nilimjibu palepale, mbele ya daktari, kwamba uzee haupigi chafya. Kwamba mimi nilikuwa mzee Desemba na Januari pia na nilikuwa napumua vizuri kabisa. Nikamwambia daktari kama angekuwa shahidi mbele ya hakimu wangu angerudishwa nyumbani akajifunze kusema. Ridha alinitoa kwa kunishika kiwiko.

7 Aprili

Bado nina hasira. Kifua vilevile.

12 Aprili

Dada yangu Mannubia kapiga simu. Ana miaka sabini na nne na ulimi wake bado una ishirini. Naye anakohoa.

"Mongi, na wewe wamekuambia uzee?"

"Wameniambia."

"Basi tumekuwa wazee siku moja, mimi na wewe, na mimi nimekutangulia miaka mitatu. Ajabu hiyo."

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Niliposhindwa kuendelea yeye akabaki anakohoa upande wa pili, na tukakata simu bila kuagana.

18 Aprili

Ridha ameamua. Ameamua, mimi ni mzigo wa kuamuliwa siku hizi. Nakwenda shambani kula hewa.

Sina la kubishana, maana ndivyo tulivyo. Mtu wa Sfax akikohoa, hata kama ni paka wa Sfax, anapelekwa kwenye mizeituni. Marehemu baba alipelekwa. Mimi mwenyewe nilimpeleka Essia kila majira ya kuchipua kwa miaka minne, nimtoe kwenye moshi. Wiki tatu, nne kila safari. Mwaka wa mwisho hakurudi, maana moshi ulikuwa umeshamla ndani.

20 Aprili

Shambani. Kilomita arobaini kutoka lile bomba na mbingu ya buluu kabisa. Mizeituni mia moja na ishirini, mingi aliipanda baba. Inaanza kutoa maua, meupe madogo kama punje za mchele. Bechir, mlinzi wetu tangu ujana wake, kaniwekea kitanda barazani.

"Vuta hewa, Ami Mongi. Hii inauzwa mjini kwa chupa, tatizo hawajajua kuitia."

Nimevuta. Mkate wa shayiri, mafuta, zeituni, yai. Nimelala vizuri.

22 Aprili

Chafya. Nadhani ni vumbi la baraza.

24 Aprili

Sijalala. Bechir amefagia baraza mara mbili na kumwaga maji. Haikusaidia kitu.

25 Aprili

Upepo wa bara. Macho yamevimba. Nashuku moshi unatufuata huku. Kilomita arobaini kwa upepo ni nini? Nimeanza barua ya nane.

26 Aprili

Nimesimama na kuangalia upepo kwa kitambaa, kama mtoto. Unatoka jangwani kwenda baharini. Unaupeleka moshi mbali nami, si kwangu. Nimeichana barua ya nane. Nina hasira hata na upepo, kwa kukataa kunitolea ushahidi.

27 Aprili

Mbaya.

30 Aprili

Naandika nikiwa nyumbani mjini. Naandika polepole kwa dawa walizonichoma, ila haya lazima yaandikwe kabla hayajapoa.

Jana asubuhi maua yalikuwa yamefunguka yote. Ukoo wetu una desturi: maua yakifunguka, mwenye shamba hutikisa tawi la mti wa kwanza, ule wa kisimani, na mtu wa nyumbani kwake hushika shuka jeupe chini yake. Unga unaoanguka ukifunika shuka, mwaka ni wa mafuta. Kisha mwenye shamba huchota unga kidogo akajipaka usoni na kumpaka aliyeshika shuka, wakasema bismillahi. Baba alifanya, nami nimefanya. Aliyekuwa akinishikia shuka ni Essia.

Bechir akaja na shuka. "Ami Mongi, mti unakungoja."

"Kifua, Bechir."

"Ndiyo dawa yenyewe. Twende, mwaka huu mapipa yatatushinda."

Nikatikisa. Unga wa manjano ukaanguka kama mtu anayekung'uta gunia. Shuka likabadilika rangi. Bechir akawa anacheka kwa furaha, akanichotea, akanipaka mashavuni kwa heshima zote. Nikasema bismillahi na nusu ya pili ya neno haikutoka.

Sijui kuandika jinsi inavyokuwa. Hewa iko kila mahali na hakuna hata kijiko chako. Kifua kinapiga filimbi. Nilimwona Bechir mdomo unakwenda lakini sikumsikia. Nilikaa chini, nikashika shina la mzeituni wa baba yangu, nikajiambia, basi, Mongi, unafia palepale alipofia mkeo. Na nikaona hasira tu. Sikuona Pepo wala mizani, niliona hasira kwamba sitamaliza kesi.

Bechir alinibeba kama kondoo mpaka kwenye pikapu lake. Kwenye zahanati ya kijiji walinichoma sindano na kunivisha oksijeni, kisha wakanileta mjini. Tulipita chini ya bomba la kiwanda. Moshi mweusi ulikuwa umelala barabarani. Nikajikaza nikisubiri kubanwa.

Sikubanwa. Nikajiambia ni sindano.

2 Mei

Siku ya tatu niko nyumbani, dirisha linanuka moshi, na nimelala usiku kucha. Nakohoa, koo linakwaruza, lakini kifua kimefunguka. Hili linanikera kuliko kubanwa kwenyewe. Nimesoma daftari hili tangu mwanzo kama jalada la mtu mwingine. Sipendi linakoelekea.

4 Mei

Ridha, ambaye tangu nilipobebwa hasemi tena neno uzee, amenipeleka kwa daktari wa mzio. Jina lake Raudha, mwanamke wa rika la Ridha, ana mvi za mapema na haongei haraka. Nilimpa daftari nikitegemea aliweke kando. Alilisoma lote. Alicheka alipofika kwenye kuskusi.

"Ami Mongi, hiki kidonge cha njano ni kipi?"

Nikamtolea mfukoni.

"Na ulikimeza usiku ule kabla ya kupimwa hospitali?"

"Nakimeza kila usiku."

Akaweka kalamu chini. "Hiki ni dawa ya mzio. Ndicho kilichoziba kipimo. Ndiyo maana hata tone la mwisho halikuvimba. Wewe uliliona. Yeye alipaswa kuuliza."

"Alisema ngozi yangu imelala."

"Ngozi ya mtu mzima huvimba kidogo kuliko ya kijana, hilo kweli. Kuvimba kidogo si kulala." Akaninyang'anya pakiti. "Wiki nzima usimeze. Funga madirisha. Dawa ya kupuliza hii hapa, hii haidhuru kipimo. Ukizidiwa, njoo hata kama nakula."

5 Mei

Bila kidonge. Chafya ishirini na nne.

6 Mei

Nimemtukana Ridha kwa sababu ya mlango. Nimemtukana na mlango.

8 Mei

Mannubia kapiga simu. Anakohoa kuliko mimi. Nikamwambia angoje, nina kipimo. Akasema, "Kungoja ndiyo kazi pekee iliyobaki."

11 Mei

Nimepimwa. Nimekaa na mkono mezani kama mtu anayechukuliwa alama za vidole. La mwisho likavimba, sawasawa. Wadudu wa vumbi, kidogo. Paka, hakuna. Kisha tone la nne likaanza kuinuka, jekundu, likapanuka mpaka likaigusa alama ya jirani yake.

"Hili ni la nini?"

"Mzeituni."

"Pima tena."

"Damu yako nitapeleka pia, ila mkono wako umeshasema, Ami."

Nikacheka kwa hasira. "Binti yangu, mimi nimelambishwa mafuta ya zeituni kabla ya ziwa la mama. Mwenyezi Mungu ameuapia mti huo. Miaka sabini nimelala chini yake sikupiga chafya. Leo ndiyo uje kuushitaki mti wa baba yangu?"

"Mafuta hayana neno, kula mpaka ushibe. Ni chavua, ule unga wa maua. Mungu ameuapia mti, hakukuambia uvute unga wake." Alisema hivyo bila kebehi. "Na mwili hauna siku ya kustaafu. Nina mgonjwa, mama wa miaka sabini na nane, ameanza mwaka jana. Wazee wengi wanayo, hawapimwi tu. Wakikohoa wanaambiwa moyo, wanaambiwa umri, wanapewa pole."

"Na moshi?"

"Moshi haujaondolewa hatiani. Kifua kilichochubuliwa na moshi, chavua hukimaliza zaidi. Endelea na barua zako, nami nitatia sahihi."

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa na jibu. Lakini nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza jambo jingine, na nilipoisikia nilitamani kuikata.

"Mke wangu alikuwa akikohoa majira ya kuchipua tu. Chafya kwanza, halafu macho, halafu kifua. Nilimpeleka shambani miaka minne. Alifia huko, mwezi huu."

Akafuta mkono wangu kwa pamba. "Sikumpima, Ami Mongi. Siwezi kusema."

"Sema."

"Siwezi. Na wewe usiseme usichokijua."

Karani mzima nikafundishwa kazi yangu. Nikatoka.

12 Mei

Ninachokijua niandike, basi. Hakuna hakimu, hakuna wakili, nani atanikatiza?

Najua kwamba mwaka wa kwanza alisema, "Mongi, huku pua inaniwasha kuliko mjini," nikamwambia ni vumbi, atazoea. Najua mwaka wa pili mwenye duka la dawa alimpa vidonge vya njano, akapata nafuu, nikamwambia unaona, hewa imeanza kukukubali. Najua kila mwaka alinishikia shuka, na nilimpaka unga ule usoni kwa mikono yangu, kwa mapenzi, nikasema bismillahi.

Na mwaka wa mwisho alisema, "Nirudishe mjini, Mongi, huku nabanwa." Alikuwa amekaa baraza ileile, kitanda kilekile. Nikamwambia, mjini ukafe na moshi? Kesho yake akasema tena. Nikamwambia, Essia, ni uzee, pumua taratibu. Mimi. Kinywa hiki. Neno lilelile nililotaka kumfunga nalo daktari wa watu, nililisema mimi kwanza, na wala sikuwa na simu mkononi.

Mara ya tatu aliomba kwa macho, maana sauti ilikuwa imekwisha. Nikampepea. Hewa ileile.

Miaka miwili nimekuwa nikimwandikia kila mtu barua.

13 Mei

Sikukohoa leo. Sikutaka hata hilo.

14 Mei

Asubuhi Ridha kasema, katikati ya chai, kana kwamba ni habari njema, "Leo Fethi anampeleka shangazi Mannubia shambani kwao. Kikohozi kimemzidi, akale hewa."

Nilikuwa na kandambili. Ni mitaa miwili mpaka kwa Mannubia na sijui nilipitaje. Gari la mwanawe lilikuwa limeshawaka, godoro juu, dada yangu amekaa mbele na kapu lake mapajani. Nikasimama mbele ya gari na kuweka mikono yote miwili kwenye boneti.

"Mjomba, vipi?" Fethi akatoa kichwa. "Toka, Mama anahitaji hewa."

"Huyu haendi."

"Mjomba, umepatwa na nini? Kila mtu anakwenda huko."

"Zima gari, Fethi, au nipitie juu. Chagua."

Majirani wakaanza kutoka. Muuza mkate akaacha kupima. Mannubia akashusha kioo.

"Mongi, toka njiani. Watu wanatazama."

"Wacha watazame. Nimepimwa, Dada. Si uzee. Ni maua ya mizeituni. Huko ndiko kunakobana."

"Upuuzi," akasema Fethi. "Mti wa baraka."

Mannubia hakumsikiliza mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi, na namjua dada yangu, alikuwa ameshafika mbele kuliko maneno yangu.

"Essia," akasema. "Alianza na chafya?"

"Ndiyo."

"Na macho?"

"Alikuwa akiyafikicha mpaka yanavimba."

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimejaa.

"Ndiyo hayo yaliyomuua?"

"Sijui. Hakupimwa. Hakuna atakayejua."

"Alikuomba umrudishe?"

"Aliniomba."

"Mara ngapi?"

Miaka thelathini na mbili nimewaona watu wakiulizwa swali hilo, na nimewaona wakitazama sakafu, na niliwadharau. Nikatazama lami.

"Mara tatu, Dada."

Fethi akazima gari mwenyewe. Mannubia alikaa kidogo, akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja, halafu wa pili. Nilikwenda kumsaidia.

"Fethi, shusha godoro," alisema. Kisha akanikabidhi kapu. "Na wewe shika hili. Mkono wangu usiushike."

Nikalishika. Nyumba yake ina ngazi kumi na nne. Tulipumzika mara mbili, kila mtu na kifua chake, na kesho saa nne nampeleka kwa daktari Raudha.